Uzi wa wanaouguza: kalenda ya siku 21 za kemo, utani ukiwemo (Moshi na Arusha)

#1 Nyuma_ya_Stendi

Wakuu, habari za jioni. Kila baada ya siku chache mtu anaingia humu anauliza, "mgonjwa wetu anaanza kemo, dawa za saratani, hospitali ya KCMC Moshi, tujiandae vipi?" Anajibiwa "mtangulizeni Mungu", uzi unakufa. Kuomba tuombe, ila Jumatatu alfajiri mtu anatakiwa kujua abebe nini, nani abaki na watoto na uji wa nani uchemshwe saa ngapi. Naanza mimi na kalenda, wenye ujuzi mjazie.

Dawa nyingi za dripu hurudiwa kila siku 21. Zipo za kila wiki na za kila wiki mbili, kwa hiyo muulizeni daktari ya kwenu ni ipi. Chukueni kalenda ya ukutani, hata ile ya kanisani, zungushieni tarehe ya dripu kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo siku ya 1, mengine yote yanahesabiwa kutoka hapo.

Siku ya 1 hadi ya 3 mgonjwa anaweza kuwa na nguvu za kuazima. Zinatoka kwenye deksamethasoni, dawa anayopewa kuzuia kutapika na mzio. Anaongea sana, usingizi hauji, saa nane usiku anapanga kupaka nyumba rangi. Akiwa na vidonge vyake vya nyumbani, ameze asubuhi baada ya chakula, akimeza jioni mtakesha wote. Mwenye kisukari apimwe sukari kila siku kipindi hicho kwa sababu dawa hiyo huipandisha.

Siku ya 3 hadi ya 6 nguvu za kuazima zinarudi kwa mwenyewe. Uchovu, kichefuchefu, harufu ya kitunguu kinachokaangwa kwa jirani inakuwa kesi. Siku ya 7 hadi ya 14 chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa. Hapo ndipo familia nyingi hukosea, maana mgonjwa anaonekana ameamka, anataka kwenda sokoni, na kinga hana. Siku ya 15 hadi ya 21 mwili unajijenga, anakula, anacheka. Wageni, michapo na kuku wa kuchoma viwekeni huku.

Utani nao una tarehe zake. Siku ya 4 kichekesho kizuri kabisa kinaweza kumfanya mtu atapike, kwa sababu kucheka kwa nguvu kunakaza tumbo. Mwenye mate ya utani ayameze mpaka wiki ya tatu.

#2 Sindano_Taratibu

Safi mkuu. Niongeze jambo moja ambalo lingekuwa la kwanza: kipimajoto. Nunueni cha kidijitali kabla ya dripu ya kwanza, kikae na mgonjwa, kisiazimwe na jirani. Pimeni asubuhi na jioni, na kila anaposema anasikia baridi. Kwapani husoma chini kidogo ya mdomoni, kwa hiyo ikifika 37.5 pimeni tena baada ya nusu saa. Ikifika 38 hata mara moja, au akitetemeka hata kama namba haijapanda, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Msisubiri kukuche. Antibayotiki za mshipa zinatakiwa zianze ndani ya saa moja tangu afike.

Panadol asimeze kabla ya kupimwa, maana inashusha homa bila kugusa maambukizi, kipimajoto kinadanganya na mnapoteza saa sita. Na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini asiguse bila ruhusa, zinaongeza kutoka damu wakati chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka.

Sasa tatizo letu la hapa mnalijua. Mtu mwenye homa akiingia kituo cha karibu anatoka na malaria na UTI, zote mbili, pamoja na sindano ya takoni. Kwa hiyo andikeni karatasi, iwekeni nyuma ya kadi ya bima: "Natumia dawa za kemo. Dripu ya mwisho tarehe fulani. Nina homa. Naomba FBP (kipimo cha chembe za damu) haraka na mpigieni daktari wangu namba hii. Nisichomwe sindano ya msuli kabla majibu hayajatoka." Anayempeleka aisome kwa sauti dirishani, asione aibu.

#3 Kijana_wa_Ngarenaro

Shukrani. Sisi tupo Arusha, dripu ni Moshi. Kwenda na kurudi siku moja inawezekana?

#4 Nyuma_ya_Stendi

Inawezekana, na wengi wanafanya. Ni kilomita kama 80, kwa Costa au Noah hesabu saa mbili, foleni ya Tengeru na Usa River ikikubali. Kinachowaangusha watu ni damu. Mnaamka saa kumi, mnafika, FBP inatoka nyutrofili (chembe nyeupe za kupigana na maambukizi) ziko chini, mnaambiwa mrudi wiki ijayo, nauli na siku vimekwenda. Ulizeni kliniki kama watakubali FBP ya maabara ya Arusha iliyopimwa siku moja au mbili kabla. Wakikubali, mnatuma picha ya majibu, mnapata jibu mkiwa nyumbani. Mara nyingi hutakiwa nyutrofili zisipungue 1.5 (kuna dawa wanakubali 1.0) na chembe sahani 100, ila mwenye uamuzi ni daktari. Damu ikikataa msimlaumu mgonjwa eti hakunywa juisi ya rozela. Juisi haipandishi nyutrofili.

Kurudi kaeni kiti cha mbele, mbali na injini, dirisha likiwa wazi kidogo. Mifuko ya plastiki isiyotoboka mitatu, chupa ya maji, kanga mbili, moja ya kujifunika na moja ya dharura. Dawa ya kuzuia kutapika imezwe kabla ya kuondoka Moshi. Ukisubiri aanze kutapika Boma Ng'ombe, kidonge kinatoka na kila kitu. Kama dawa ni sisplatini laleni Moshi. Inahitaji maji mengi ya dripu kulinda figo, mnamaliza jioni, na yeye atakuwa anataka choo kila nusu saa.

#5 Sindano_Taratibu

Siku yenyewe ya dripu: kuanzia jana yake anywe maji, mishipa iliyojaa huonekana. Blauzi au shati la mikono mipana. Kama mkono ni baridi, kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika tano kabla ya kanyula, kile kibomba cha dripu kinachoingia mshipani. Aliyetolewa tezi za kwapani upande mmoja achomwe upande mwingine, na amkumbushe muuguzi mwenyewe.

Dawa ikianza kuingia na akasikia kuwaka, kuuma au mkono unavimba pale kanyula ilipo, aseme papo hapo. Kuna dawa zikitoka nje ya mshipa zinaunguza nyama ya ndani, doksorubisini ndiyo maarufu. Wazee wetu wamefundishwa kuvumilia. Hapa uvumilivu unaleta kidonda, kwa hiyo msindikizaji akae karibu na ule mkono, akiangalia mkono, si simu.

Hiyo doksorubisini ni nyekundu, na mkojo utakuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa siku moja hadi mbili. Mwambieni mapema, la sivyo saa tano usiku mtasikia yowe chooni. Na siku hizo asile bitiruti, maana mtashindwa kujua ni kipi kimepaka rangi. Wekundu ukipita siku mbili, au ukiambatana na maumivu au mabonge, ni habari nyingine, pigeni simu. Akiwa amepewa pia siklofosfamaidi, dawa nyingine ya kemo, anywe maji ya kutosha mchana na akojoe mara kwa mara, asibane.

#6 Bibi_Harusi_wa_Kiborloni

Samahani wapendwa, ni kweli mgonjwa asiguswe siku za mwanzo? Mama mkwe wangu amekataza wajukuu wasimkaribie baba.

#7 Sindano_Taratibu

Hapana dada. Saratani haiambukizi, na kumkumbatia hakuna tatizo. Tahadhari ya saa 48 inahusu majimaji: mkojo, kinyesi, matapishi. Dawa inatokea huko. Anayesafisha avae glovu, zikikosekana mifuko ya plastiki mikononi, kisha anawe kwa sabuni. Choo cha kuvuta, funika, vuta mara mbili. Choo cha shimo, hata mwanamume akojoe amechuchumaa kupunguza kuruka, mwage maji taratibu, funika. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mjamzito na anayenyonyesha wasifanye kazi hiyo. Kwa wenye ndoa, kondomu, na uzazi wa mpango mzungumze na daktari mapema.

Wajukuu wamkumbatie, wawe tu wamenawa na hawana mafua. Mwenye tetekuwanga au aliyekaa na mwenye tetekuwanga akae mbali kabisa. Mweleze mama mkwe kwa upole, mkwe humwambii kwa mkato.

#8 Mwiko_wa_Mti

Naingia upande wa jikoni, ndiko kunakoharibika kirahisi.

Siku ya 3 hadi ya 6 sahani iliyojaa inamtisha mgonjwa kuliko njaa. Mpe nusu kikombe kila saa mbili. Mtori ndio unaobeba watu huku kwetu, ila mtori wa kawaida una harufu na mafuta, kwa hiyo badilisheni njia. Nyama ya mfupa nusu kilo, chemsheni jikoni la nje, au kwa jirani kama nyumba ni ndogo, na kitunguu kimoja na chumvi kidogo, bila kukaanga kitu. Iive hadi iachie mfupa. Supu ipoe, mafuta yagande juu, myaondoe kwa kijiko. Kisha ndizi mshare saba au nane zichemke kwenye supu hiyo na karoti moja, pondeni kwa mwiko mpaka ziwe laini, nyama mkiichambua nyuzinyuzi. Mpeni ya uvuguvugu, maana kitu cha moto kinatoa harufu zaidi. Kwenye kikombe chenye mfuniko, sio bakuli. Pilipili hapana, siagi mwekeeni wiki ya tatu.

Akilalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma, ondoeni vijiko vya bati, mpeni cha plastiki au cha mti. Ndimu kidogo husaidia, isipokuwa mdomo ukiwa na vidonda. Vidonda vya mdomo: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko cha chai kimoja cha chumvi na kimoja cha bikabonati ya soda, asukutue mara nne hadi sita kwa siku, ateme. Tengenezeni mapya kila siku. Sasa sikilizeni: bikabonati SI magadi ya kuchemshia maharage, si hamira, na si ile poda ya kuumulia keki. Magadi yanaunguza. Dukani mkikosa, chumvi peke yake inatosha. Mswaki uwe laini, na dawa ya kusukutua yenye spiriti iacheni.

Vitu vya kufungia kabatini hadi kemo iishe: kisusio na mlaso (vyote vina damu), nyama ya kuchoma yenye damu ndani, mayai ya kiini kibichi, maziwa yasiyochemshwa na mgando uliotengenezwa nayo, kachumbari ya mtu usiyejua kanawa wapi. Mgando wa maziwa yaliyochemshwa unafaa. Matunda ya kumenya mwenyewe, ndizi na papai, sawa. Balungi liacheni, linagongana na baadhi ya dawa.

#9 Mtani_wa_Same

Na mbege?

#10 Mwiko_wa_Mti

Nilijua utauliza. Hapana. Ni pombe, na ile kata inapita midomo arobaini.

#11 Mtani_wa_Same

Basi wagonjwa wa Kichaga hao wana mitihani miwili. Sisi Wapare tungeuliza tu kama dripu iliyobaki kwenye chupa tunarudishiwa hela.

Turudi kwenye mada, maana mleta uzi ameandika utani na hakuna aliyeugusa. Utani wa kitandani una wenyewe. Wajukuu, shemeji, binamu na watani wa kabila, hao wana leseni. Mkwe hana. Dada wa kanisani aliyekuja mara ya kwanza hana. Na mwenye kufungua mlango ni mgonjwa: akiita kipara chake Kibo, basi Kibo kimefunguliwa, mnaweza kuuliza kama theluji imeyeyuka. Asipokiita kitu, ninyi msikiite.

Dawa ya rangi, chakula cha wodini, saa nane za usiku za kupaka nyumba rangi, mgeni aliyeleta mbege, hayo yanachekeka. Kukonda hakuchekeki. Deni halichekeki. Na yupo yule mgeni wa "hata fulani alikuwa nayo hiyohiyo...", mnaijua sentensi inavyoishia. Huyo anahitaji mlinzi wa mlango. Mchagueni mtu mmoja, shangazi mwenye sauti, kazi yake kukaa karibu na mlango na kumkatiza kwa chai: "Ehee, hebu njoo huku unisaidie kubeba vikombe." Muda wa mgeni ni dakika 20, na mwenye kikohozi anasalimia dirishani.

Kama mgonjwa amepasuliwa tumbo karibuni, awe na mto wa kukumbatia akicheka, anaubana kwenye mshono. Siyo mzaha huo, unapunguza maumivu kweli.

#12 Kijana_wa_Ngarenaro

😂😂 Shangazi wa mlango tunaye. Vipi kama mzee mwenyewe hataki utani? Anakaa kimya tu.

#13 Mtani_wa_Same

Basi msimchekeshe. Si kila mtu hupumzika kwa kucheka. Kaeni naye, wekeni bao, redio, mechi. Ila angalieni kalenda, Simba na Yanga wakikutana siku ya 4 punguzeni sauti na msimletee shabiki wa upande wa pili.

#14 Sindano_Taratibu

Na mtofautishe ukimya wa tabia na ukimya wa huzuni. Kama wiki mbili zimepita hali chakula vizuri, halali usingizi hata siku zisizo na deksamethasoni, hataki kuona mtu, au anasema bora aache dawa, hiyo inapelekwa kliniki kama homa inavyopelekwa. Haitatuliwi kwa kichekesho.

#15 Nyuma_ya_Stendi

Upande wa ndugu sasa. Makundi ya WhatsApp yawe mawili. La michango, lenye mweka hazina na orodha inayoonekana, mgonjwa HAYUMO. La salamu, mgonjwa yumo, na humo hakuna neno "hela". Wakichanganya, mgonjwa anasoma saa nane usiku kwamba shemeji fulani hajatoa. Msemaji awe mmoja: majibu ya daktari yanatoka kwake, vinginevyo FBP ya Moshi ikifika Sanawari imeshakuwa "amelazwa ICU". Sauti za kurekodi zisizidi dakika moja.

Na hili la "ukihitaji chochote niambie" tuliache, mgonjwa hawezi kukuajiri. Sema kitu chenye siku: "Alhamisi nakuja kufua." "Nimeshalipa LUKU." "Watoto nawachukua shule wiki nzima ya kwanza." Wenye kushindwa gharama, kabla deni halijakomaa muende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuuliza utaratibu wa msamaha, na wenye bima waulize dawa kwa dawa ipi inalipiwa, kabla ya safari.

#16 Mama_Wawili_Sakina

Nywele zinatoka lini? Ana rasta.

#17 Mwiko_wa_Mti

Kwa dawa zinazotoa nywele (si zote), kati ya wiki ya pili na ya tatu baada ya dripu ya kwanza. Rasta zifumuliwe mapema, uzito wake unavuta na ngozi inauma. Anyolewe kwa mashine, sio wembe, wembe unachana na kinga haipo. Mto uvalishwe foronya laini. Na tafuteni kofia ya kufuma kabisa, Juni na Julai kipara kinasikia baridi ya Marangu kabla ya masikio.

Akiwa anatumia oksaliplatini, baridi ni suala zito zaidi: kugusa maji ya bomba ya asubuhi au kunywa kitu cha baridi kunaleta ganzi na miiba vidoleni, hata koo kubana kwa siku kadhaa baada ya dripu. Maji yake ya kunawa na kunywa yawe ya vuguvugu, soksi, glovu za sufu. Ganzi isiyoisha kati ya dripu na dripu iripotiwe.

#18 Kijana_wa_Ngarenaro

Mzee wa jirani ameleta mlonge na alovera. Anasema vinasafisha sumu ya kemo.

#19 Sindano_Taratibu

Mshukuruni, pokeeni, wekeni kabatini. Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa kwenye foleni ya kikombe cha Loliondo kwa shilingi 500, kwa hiyo hamu ya dawa ya mti tunaielewa. Tatizo ni ini na figo. Kemo inapita humo humo, na mti uliochemshwa haujulikani una kiasi gani cha nini. Ini likichoka, dripu inaahirishwa. Kama mgonjwa ameshakunywa, mwambieni daktari jina la mti bila woga, ni bora agune kuliko asijue.

Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, pia wengi hawaambiwi: inafunga choo, na vinkristini, dawa ya kemo, inafunga zaidi. Papai, maji, kutembea uani, na dawa ya kulainisha aulizwe daktari mapema. Enema msimpe mwenye chembe nyeupe chini. Akiharisha mara nne zaidi ya kawaida yake kwa siku, simu. Wakati mnasubiri: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita vya kufuta juu, chumvi nusu kijiko. Chumvi isizidi hapo.

#20 Bibi_Harusi_wa_Kiborloni

Baba anamaliza dripu ya mwisho tarehe 3. Ukoo unataka kumfanyia sherehe Jumapili ya tarehe 12.

#21 Nyuma_ya_Stendi

Hesabu dada. Tarehe 3 ndiyo siku ya 1, kwa hiyo tarehe 12 ni siku ya 10, chembe nyeupe ziko sakafuni. Mwili haujui kwamba hiyo dripu ilikuwa ya mwisho. Sogezeni hadi tarehe 20 au zaidi, hiyo ni siku ya 18, na apimwe FBP kwanza. Hata siku hiyo kipimajoto kiwe mfukoni mwa mtu.

#22 Mtani_wa_Same

Na mbuzi aive hadi ndani, kisusio cha wageni kichemkie nyuma ya nyumba. Baba akiuliza harufu hiyo ya nini, shangazi wa mlango ajibu ni vikombe.